UZI: Boti ya zimamoto ya New York iliyouzwa mnadani imezeeka, 2001 ikaitwa tena kazini

Nanga_Chuma

Wakuu salamu. Juzi kwenye ule uzi wa meli watu walikuwa wanabishana chombo kikizeeka kikatwe skrepa au kitunzwe, nikasema ngoja nilete habari ya boti inaitwa John J. Harvey maana ndo mfano ninaoujua vizuri kuliko yote. Niko huku New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson, na hiyo boti nimeshaipanda nikashuka mpaka chumba cha injini. Uzi ni mrefu kidogo, mvumilie.

Nianze na jina. John J. Harvey alikuwa mtu kweli, rubani wa boti za zimamoto za New York. Tarehe 11 Februari 1930 meli ya Wajerumani inaitwa München ikashika moto ikiwa gatini Manhattan, Harvey na wenzake wakasogea na boti yao, Thomas Willett, kwenda kuizima, meli ikalipuka, jamaa akafia kazini. Mwaka uliofuata jiji likatengeneza boti mpya pale Brooklyn, ikashushwa majini Oktoba 1931, wakaipa jina lake.

Kwa wakati ule hii boti ilikuwa balaa. Urefu futi 130, yaani karibu mita 40, upana futi 28. Ndo ilikuwa ya kwanza ya zimamoto New York kuachana na mvuke. Zile za mvuke mnajua shida yake, boila lazima likokwe usiku na mchana hata kama hakuna kazi, ukizembea siku mkiitwa presha haipo. Hii unawasha injini unaondoka. Ilianza na injini za petroli, 1957 wakazing'oa wakaweka dizeli, injini 5, kila moja nguvu ya farasi 600.

Na pampu sasa. Inapiga galoni 18,000 za Kimarekani kwa dakika, hizo ni kama lita 68,000. Chukua lile boza la lita elfu 10 linaloleta maji mtaani Dar, hii boti inamwaga karibu maboza 7 kila dakika, kupitia mizinga ya maji 8 iliyoko juu ya sitaha. Watu wa zimamoto wanaihesabu sawa na magari 15 mpaka 20 yakifanya kazi pamoja. Na haina habari ya kwenda kujaza tenki, tenki lake ni mto.

Mtu atauliza jiji lilihitaji dude kubwa hivyo la nini. Magati ya Manhattan enzi hizo yalikuwa yamejengwa juu ya nguzo za mbao, na juu yake maghala yamejaa mizigo ya kila aina. Moto ukishaingia chini ya gati kule kwenye nguzo, gari la barabarani halina pa kupitia, linamwagia paa tu huku chini kunaendelea kuungua. Lazima uje na chombo upande wa maji. Harvey haijamaliza hata mwaka tayari ikakutana na moto mkubwa wa gati la Cunard, 1932. Jiji kipindi cha juu kabisa lilikuwa na boti 10 za namna hii.

Ngoja nile kwanza, naendelea na zile kazi zake mbili kubwa.

Mama_Swaleh

Nimeweka kambi hapa. Kaka maliza, usituache njiani.

Chuma_Ulete77

Mkuu swali la haraka, injini 5 zote za nini kwenye boti ya mita 40?

Nanga_Chuma

@Chuma_Ulete77 kwasababu injini hizohizo zinagawana kazi mbili, kutembeza boti na kupiga maji. Na haitembei kama boti ya kawaida ambayo injini inashika pangaboi moja kwa moja. Injini zinazalisha umeme, umeme unaenda kuzungusha mota, mota ndo zinazungusha pangaboi. Nitaieleza chini maana hapo pamenigusa sana nilipoingia.

Haya tuendelee. Kazi ya kwanza ni Normandie. Hii ilikuwa meli ya abiria ya Wafaransa, moja ya meli kubwa kabisa duniani, Wamarekani wakaichukua wakati wa vita wawe wanabebea wanajeshi. Tarehe 9 Februari 1942 iko Pier 88 mafundi wanaigeuza, mmoja anakata chuma kwa gesi, cheche zikarukia lundo la maboya ya kuvaa yaliyojazwa sufi. Sufi unaijua ikishika moto. Harvey na boti nyingine zikaja zikamwaga maji, na magari ya nchi kavu nayo yakamwaga, na moto wakauweza. Lakini maji yote yale yalitua kwenye sitaha za juu na hayakuwa na pa kutokea, meli ikaanza kuinama upande, ikainama, usiku wa manane kuamkia tarehe 10 ikalala ubavu palepale gatini. Mwenye kazi ya majini hii aijue kichwani, kuzima moto wa meli ni hesabu ya uzito pia. Kila tani ya maji unayoipandisha juu lazima uwe na jibu inashukia wapi.

Ya pili ndo ingeweza kufuta mji. Tarehe 24 Aprili 1943, meli inaitwa El Estero iko upande wa New Jersey imemaliza kupakia mabomu na risasi, mzigo wa zaidi ya tani elfu moja, moto ukaanzia kwenye chumba cha boila. Mabaharia wakataka kuizamisha palepale ila vali za kuingiza maji zilikuwa chini kwenye moto, hazifikiki. Kando yake kuna meli nyingine na mabehewa yenye mzigo wa aina hiyohiyo. Kilichofanyika, ikafungwa kamba ikavutwa kwenda katikati ya ghuba, na Harvey pamoja na mwenzake Fire Fighter zikaisindikiza zimeibana huku na huku zinamwaga maji ndani mpaka ikazama. Hebu fikiria wewe ndo uko kwenye hiyo boti, mita chache kutoka kwenye tani elfu za baruti na moto unawaka, na kazi yako ni kutoondoka. Haikulipuka. Watu wa New York wengi mpaka leo hawaijui hii siku.

Shemali_Kilindini

Shekhe uzi mzuri huu. Mimi nipo kwenye tagi, zile boti za kuvuta meli, hapa Mombasa mwaka wa kumi na kitu sasa, wacha niongeze upande wa ufundi maana nimeona watu wanadhani ni pampu tu.

Tagi za siku hizi nyingi nazo zina mizinga ya maji. Zile zilizopasishwa daraja la kwanza la kuzima moto lazima zipige maji mita za ujazo 2,400 kwa saa, yafike umbali wa mita 120 na urefu mita 45. Hiyo Harvey kwa hesabu ya lita 68,000 kwa dakika inakuja zaidi ya mita za ujazo 4,000 kwa saa. Chombo cha 1931! Wallahi nimerudia hesabu kuhakikisha.

Sasa kitu ambacho mtu wa nchi kavu hakijui, maji yakitoka kwa nguvu ile yanaisukuma boti kinyumenyume. Ukifungua mizinga yote mbele bila kuweka injini mwendo wa mbele unajikuta umeondoka kwenye moto. Kwa hivyo anayeshika usukani anafanya kazi ngumu kuliko anayeshika mzinga, anapigana na mkondo, na upepo, na maji yake mwenyewe, na hapo moshi umemziba. Na ile chemba ya chini inayovuta maji ya bahari ikinasa takataka pampu inakohoa, mkandamizo unashuka ghafla. Kwenye bandari iliyojaa plastiki hiyo ndiyo ibilisi wetu.

Nanga_Chuma

@Shemali_Kilindini asante sana kaka, hiyo ya kusukumwa nyuma nilikuwa sijaiweka na ni muhimu kweli. Sasa sikia Harvey wanavyoiendesha ndo utashangaa zaidi.

Nahodha kule juu hawezi kuongeza wala kupunguza mwendo. Hana kitu cha kubonyeza. Ana usukani, na ana telegrafu, ile sahani ya shaba yenye mshale. Akitaka mbele taratibu anasogeza mshale, chini kwenye injini kengele inalia, fundi anajibu kwa kusogeza mshale wake kuonyesha kwamba nimesikia, halafu ndo anashika zile leva za shaba anaongeza umeme kwenye mota. Fundi amesimama katikati ya injini zinanguruma kushoto na kulia, haoni boti inakwenda wapi. Kuna vidirisha vya duara pembeni, usawa wa maji, anaona mawimbi basi. Nilisimama pembeni ya huyo fundi wakati tunarudi gatini, kengele ikawa inalia mfululizo, mbele, simama, nyuma, simama, na mkono wake uko pale kabla mlio haujaisha. Kosa la sekunde mbili boti inavunja gati. Hawa watu wawili hawaonani na wanapaki chuma cha futi 130.

Ndivyo inavyoendeshwa mpaka leo, hawajaifunga mitambo ya kisasa ya kuongozea kutoka juu.

Tuje kustaafu. Kilichoiua kazi ya Harvey ni kontena. Kuanzia miaka ya 60 mizigo ikahamia upande wa huku, Newark na Elizabeth, kwenye nafasi ya kuweka makontena na kreni kubwa, magati ya mbao ya Manhattan yakabaki matupu, mengine yakaoza yakaanguka mtoni. Hakuna gati hakuna moto wa gati. Boti zikapunguzwa moja moja, Harvey ikatolewa kazini miaka ya 90 katikati, ikakaa imefungwa tu, 1999 jiji likaipiga mnada. Wanunuzi wa skrepa walikuwepo. Kikundi cha marafiki wakachanga, chini ya dola elfu 30, wakaichukua.

Na hapa ndo hoja yangu ilipo wakuu. Wale jamaa hawakuipaka rangi wakaifunga gatini watu wapige picha. Waliamua itembee. Wakaanza kufungua injini moja baada ya nyingine, kutafuta vipuri ambavyo havitengenezwi tena, na mzee Bob Lenney ambaye alikuwa rubani wa boti za idara akarudi kuwafundisha kuishika. Juni 2000 ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya vitu vya kihistoria. Pampu hawakuzitoa, japo zinakula nafasi na hazikuwa na kazi yoyote kwa mtu wa kawaida.

Mchumi_Halisi

Mkuu naheshimu mapenzi yako ila tuongee hesabu. Injini tano za dizeli za miaka ya 50, zinakunywa mafuta, chuma kinakula kutu kila siku, kila baada ya muda lazima ipandishwe chelezoni kukwanguliwa na kupakwa rangi upya. Kununua ni rahisi, kutunza ndo kunaua. Hizo pesa zingenunua vifaa vipya vya zimamoto. Vyombo vingi vya namna hii vinaishia kuzama gatini, jiji linalipia kuviondoa.

Nanga_Chuma

@Mchumi_Halisi gharama hujakosea hata kidogo, chuma majini ni vita. Ila subiri nifike 2001 halafu tuone hesabu inakaaje.

Asubuhi ya Septemba 11, siku magaidi walipoangusha minara miwili ya World Trade Center kwa ndege, Harvey iko gatini upande wa magharibi ya Manhattan, boti ya watu binafsi, wa kujitolea, haidaiwi chochote na mtu. Wakaondoka kwenda kusini kusaidia. Kule chini watu walikuwa wamesukumwa mpaka ukingo wa maji, hakuna treni, madaraja na mahandaki yamefungwa, vyombo vya kila aina vikawa vinakuja kubeba, feri, tagi, boti za watalii, inakadiriwa watu laki 5 waliondoka kisiwani kwa maji siku ile. Harvey ikapakia kama watu 150 ikaanza kupandisha nao kaskazini.

Njiani zimamoto wakawaita kwenye redio. Swali lilikuwa moja, pampu zenu zinafanya kazi? Zinafanya. Basi shusheni abiria mrudi haraka.

Sababu ni kwamba yale majengo yalipoanguka yalivunja mabomba makubwa ya maji chini ya barabara. Haidranti, zile koki za barabarani za kuchotea maji ya zimamoto, zimekauka eneo lote, magari ya zimamoto yamejaa pale hayana maji, na yaliyo chini ya kifusi hayahesabiki. Mto uko mita mia chache tu. Kwa hiyo boti mbili za jiji, Fire Fighter na John D. McKean, pamoja na Harvey zikafungwa kwenye ukuta wa mto, mipira ikalazwa kutoka kwenye boti kupita bustani na barabara mpaka kwenye kifusi. Harvey ikapewa tena namba ya kazi kama zamani, Marine 2. Fundi wake Tim Ivory, na wenzake akina Huntley Gill na yule mzee Lenney, wakapiga maji masaa kama 80, siku zaidi ya tatu mfululizo, mpaka mabomba ya mjini yalipotengemaa.

Jiji lilikuwa limeshaiandika kwamba haina kazi. Miaka miwili kabla ilikuwa inagombewa na watu wa skrepa. Sasa @Mchumi_Halisi niambie hayo maji ungeyawekea bei gani.

Mama_Swaleh

Ya Rabi. Nilikuwa nimeona picha za siku ile maisha yangu yote sijawahi kujua habari ya maji kukatika. Na kwamba waliitwa watu wa kujitolea. Mungu awalipe.

Mchumi_Halisi

Hapo nimekuelewa. Lakini nitenganishe vitu viwili. Watu binafsi kuchanga hela zao kutunza chombo, sawa kabisa, napiga makofi. Serikali kutunza kila kuukuu kwa kuwa siku moja litahitajika, bado nakataa. Funzo ninalolichukua mimi ni jiji lisitegemee chanzo kimoja cha maji. Boti ikiwepo mpya au ya zamani, mradi maji yatoke mtoni.

Nanga_Chuma

@Mchumi_Halisi hilo la chanzo cha pili naungana nawe. San Francisco yaliwakuta hayohayo tetemeko la 1989, mabomba yakakatika mtaa wa Marina unawaka, boti yao ya zimamoto Phoenix ya 1954 ikaja ikalisha mipira kutoka baharini. Ila angalia, nayo ilikuwa ya zamani na ilishanusurika kufutwa. Kila mara boti inayofutwa ni ile inayoonekana haina kazi mwaka huo wa bajeti.

Mzaramo_London

Nichangie na ya huku Uingereza. Tunayo Massey Shaw, ya 1935, ilijengwa Cowes, imetengenezwa fupi kwenda juu ili ipite chini ya madaraja ya mto Thames hata maji yakijaa. Hii 1940 ilikwenda Dunkirk, Ufaransa, ambako wanajeshi wa Uingereza na wenzao walikuwa wamezingirwa na Wajerumani. Boti ya mtoni kabisa, haijawahi kuvuka bahari, ilibidi waifungie dira. Walidhani wanaenda kuzima moto, wakakuta kazi ni kuokoa wanajeshi, maana kimo chake kifupi na inaelea maji machache, inaweza kusogea karibu na ufuo kuliko meli za kivita. Ikabeba mamia kutoka ufukweni kuwapeleka kwenye meli kubwa, na wengine ikawaleta yenyewe mpaka Ramsgate. Baada ya hapo ikarudi Thames ikafanya kazi kipindi chote cha mabomu ya Wajerumani. Ikastaafu 1971, ikaachwa inaoza mpaka wapenzi wake miaka ya 80 wakaunda chama wakaichukua, baadae wakapata pesa ya bahati nasibu ya taifa ikafanyiwa matengenezo makubwa. Inatembea.

Shemali_Kilindini

Hiyo ya dira nimeipenda. Chombo cha mtoni kuvuka mlango wa bahari, mawimbi ya ubavuni yanakilaza kweli kwa sababu tumbo lake bapa. Walikuwa wanaume.

Na kuna iliyo kazini bado katika hizi za kale ama zote ni za maonyesho?

Nanga_Chuma

Ipo moja kaka. Edward M. Cotter, iko Buffalo, jimbo hilohilo la New York ila juu kabisa kwenye Ziwa Erie. Ilijengwa mwaka 1900. Mwaka 1928 yenyewe iliungua ikiwa kazini ikajengwa upya. Bado ni ya zimamoto wa jiji, na wakati wa baridi wanaitumia kuvunja barafu kwenye mto ili barafu isizibe maji yakafurika mjini. Yaani wameipa kazi ya pili inayofanyika kila mwaka, kwa hiyo injini haipoi na mabaharia hawasahau. 1960 ilivuka ziwa mpaka Port Colborne, Kanada, kwenda kuzima moto wa ghala la nafaka, ilikuwa mara ya kwanza boti ya zimamoto ya Marekani kuvuka mpaka kwenda kufanya kazi nchi nyingine.

Mimi hiyo ndo naiona bora kuliko zote, bora hata kuliko Harvey, maana haikusubiri watu wema wachange.

Chuma_Ulete77

Mkuu na Harvey bado inazima moto? Na wale wenzake wawili wako wapi?

Nanga_Chuma

Hapana, Harvey ni ya makumbusho inayotembea, watu wa kujitolea. Fire Fighter na McKean zilitolewa kazini 2010 boti mpya zilipokuja, nazo ziko mikononi mwa vikundi vya kuzitunza, Fire Fighter iko Greenport huko Long Island. Iliyochukua nafasi ya McKean inaitwa Three Forty Three, ni idadi ya watu wa zimamoto waliokufa Septemba 11, na pampu zake ni galoni 50,000 kwa dakika. 2018 Harvey walikuja wakaipaka michirizi ya mawimbi mekundu na meupe mwili mzima, kazi ya msanii Tauba Auerbach, kukumbuka zile rangi za kumchanganya adui walizopaka meli vita ya kwanza ya dunia. Wazee wengine hawakupenda, mimi niliipenda kwasababu watu ambao hawajawahi kuiangalia walianza kuuliza hii ni boti gani.

Mwenye kuja huku kipindi cha joto afuatilie, wana kawaida ya kutoa safari za bure na wanawasha mizinga, utalowa. Ukiruhusiwa kushuka chini chukua vile vya kuziba masikio, shika kamba za ngazi maana imesimama wima, na simama upande wa nyuma ya fundi usimzibe leva. Usimsemeshe kengele inapolia.